Injini Mpya, Mkanda Ule Ule

Kwa miaka mingi, msafiri wa kutoka Amu, yaani mji wa Lamu, kwenda Siyu, Faza au Kizingitini kisiwani Pate hakuuliza boti ina injini ya nguvu gani. Aliuliza maji. Bahari ikikupwa, Mkanda ulikuwa haupitiki. Ule mlango mwembamba unaopita katikati ya mikoko ulibaki tope na kijito, na boti ya injini mbili ilingoja palepale panapongoja dau la tanga. Nimewahi kukaa hapo kuanzia baada ya adhuhuri hadi karibu na magharibi, mama mmoja amempakata mtoto mwenye homa, nahodha akitazama mizizi ya mikoko kujua maji yamepanda kiasi gani. Baadaye mitambo ya kuchimba ikaletwa. Safari ikafupika kwa wenye injini kubwa na kwa wenye injini ndogo pia, wala hakuna aliyelazimika kununua injini nyingine.

Naukumbuka Mkanda kila kampuni ya simu inapotangaza kwamba imeboresha mtandao wake.

Matangazo hayo si uongo. Safaricom ilianza 4G Desemba 2014 na kufungua 5G kibiashara Oktoba 2022. Airtel ikafuata na 5G yake Julai 2023. Minara imeongezwa, antena zimebadilishwa, na yeyote aliyeshika simu Amu miaka kumi na mitano iliyopita anaijua tofauti. Ninachokipinga ni ile dhana kwamba alama ya 4G au 5G ikishatokea juu ya skrini, kazi imekwisha. Alama hiyo inaeleza jambo moja tu: simu yako na antena iliyo karibu nawe zinazungumza kwa lugha gani. Haisemi lolote juu ya safari ya pili, ile inayoanza mnarani kwenda kuutafuta mkongo, yaani waya wa faiba unaobeba intaneti, na huko ndiko visiwa vyetu vinakokwama.

Mpwa wangu wa Tchundwa, kisiwani Pate, alijaza kwa simu fomu ya HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Alama ya 4G ilikuwa imejaa, vijiti vyote vinne. Ukurasa ulizunguka, ukakatika, ukarudi mwanzo. Akanunua bando jingine akidhani la kwanza limekwisha. Siku ya tatu alipanda boti akaja Amu, akalala kwangu, asubuhi akamaliza kazi yote kwa dakika kumi na mbili kwenye saiba. Simu ilikuwa ileile, laini ileile, kampuni ileile. Kilichobadilika ni mnara aliokuwa chini yake, na hasa kile kilichoko nyuma ya mnara huo.

Basi tuifuate hiyo njia ya nyuma. Intaneti ya Kenya huingia kwa nyaya za chini ya bahari zinazotua Mombasa: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, kisha nyingine zilizofuata. Zile zinazotoka kaskazini, kama TEAMS inayotoka Fujairah, hupita baharini huko mbali mbele ya visiwa vyetu, zikatuacha, zikaenda kutua Mombasa. Kutoka hapo data hurudi kaskazini kwa nchi kavu: Malindi, Garsen, Witu, hadi ng'ambo yetu ya Mokowe. Ni zaidi ya kilomita 300. Mkongo wa taifa wa NOFBI ulijengwa ili kuyafikia makao makuu ya kaunti, na makao makuu ndiyo yaliyofikiwa. Ukitaka kusonga mbele zaidi, kwenda Pate, Ndau, Kiwayu au Kiunga, faiba inakuaga, na kazi inabaki kwa mawimbi ya maikrowevu yanayorushwa kutoka sahani moja hadi nyingine juu ya maji.

Hapa ningeomba msomaji anivumilie, kwa sababu jambo hili halisemwi kwenye matangazo na ndilo linalotugusa zaidi. Maikrowevu yakirushwa juu ya nchi kavu yenye vichaka na vilima, mawimbi yanayogonga ardhi hutawanyika. Yakirushwa juu ya bahari, maji huwa kioo. Sahani inayopokea hupata mawimbi mawili: moja limekuja moja kwa moja, jingine limegonga uso wa bahari na kurudi juu. Yakifika yakiwa yamelingana, husaidiana. Yakifika yakiwa yamepishana, huuana. Na kioo chenyewe hakitulii. Wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya kwetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 3, kwa hivyo urefu wa njia ya lile wimbi la pili hubadilika saa kwa saa. Muunganisho uliokuwa mzima saa nne asubuhi unaweza kulegea saa nane mchana bila ya mtu kugusa chochote. Jioni, tabaka la hewa yenye unyevu linapotanda juu ya bahari, mawimbi hupindwa kidogo na kukosea shabaha. Mafundi huita hali hii kufifia. Watu wa Faza husema tu kwamba netiweki imepwa na maji, na wala hawajakosea.

Dawa zake zinajulikana. Unaweka sahani mbili kwenye mnara mmoja, moja juu na moja chini, ili moja ikipoteza nyingine idake. Unachagua kimo cha mnara ili lile wimbi la kurudi likute kizuizi, kwa mfano ukanda wa mikoko, kabla ya kufika. Unafupisha urukaji kwa kuongeza mnara katikati. Au unaachana na hewa kabisa na kulaza faiba chini ya maji, kwa sababu umbali kati ya bara, Manda na Pate ni mfupi mno ukilinganisha na nyaya zinazotoka Fujairah. Dawa zote hizi ni ghali kuliko kubadilisha antena ya mbele, na hakuna hata moja inayobadilisha alama kwenye skrini ya mteja. Nadhani hapo ndipo penye kishawishi. Ukiongeza 4G kwenye mnara wa kisiwani bila kupanua njia ya nyuma, ramani ya kampuni inapata rangi mpya, ripoti inapata asilimia mpya, na mteja anapata kile alichokuwa nacho jana.

Kwenye karatasi, 4G yenye upana wa masafa wa megahezi 20 inaweza kufikisha megabiti 150 kwa sekunde. Hiyo ni kwa simu moja, chini ya mnara, peke yake. Watu mia wakiingia pamoja wanagawana. Na kama kiungo cha nyuma kinabeba kidogo kuliko kinachomiminwa na antena za mbele, wanagawana hicho kidogo. Hata ukiweka 5G juu yake, mgao ni uleule.

Kuna kizuizi cha pili ambacho ni cha Amu hasa, nacho ni kuta zetu. Nyumba za mji wa kale, ule ulioingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake karibu nusu mita. Zilijengwa ili joto libaki nje na sitara ibaki ndani. Kutoka daka la mlangoni hadi kiwandani, yaani ua wa ndani, kutoka hapo hadi vyumba vya ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, unapita ukuta baada ya ukuta. Mawimbi ya masafa ya chini hupenya vizuizi vya namna hii kwa nafuu kuliko ya juu. Wimbi la megahezi 800 lina urefu wa sentimita 37 hivi. La megahezi 2,600 halifiki sentimita 12. La 3,500, ambalo ni la 5G, ni sentimita 8 na kitu. Kadiri wimbi linavyofupika ndivyo ukuta unavyolila. Ndiyo maana unawaona vijana wamepanga foleni darini baada ya isha, na bibi anaongea na mwanawe aliyeko Jeddah akiwa amesimama mlangoni, nusu yake ndani, nusu yake kichochoroni.

Masafa ya 800 yalikuwa ya televisheni. Kenya ilipohama kutoka analogi kwenda dijitali, mwisho wake ukiwa 2015, nafasi hiyo ikaachwa wazi na kupewa simu. Safaricom ililipa dola milioni 25 kwa sehemu yake. Ni mali ya umma iliyohamishwa kutoka matumizi moja hadi mengine, na kwa mji kama wetu, na kwa vijiji vilivyotawanyika kama vyetu, ndiyo mali bora kuliko zote, kwa sababu inafika mbali na inaingia ndani. Ningefurahi zaidi kuona mnara wa Siyu una 800 iliyowekwa vizuri kuliko kusikia kwamba ufuo wa Shela umepata 5G. Shela ina hoteli, ina wageni, na wageni wana fedha. Sina kinyongo na Shela. Nasema tu kwamba mgeni wa Shela akikosa mtandao hukosa picha zake za jioni, na mtu wa Siyu akikosa hukosa siku ya kazi.

Makampuni nayo yana hoja, na si hoja ya kubeza. Kwa sensa ya 2019, kaunti nzima ya Lamu ina watu 143,920, kiasi cha watu 23 kwa kilomita ya mraba. Nairobi ni zaidi ya 6,000 kwa kilomita hiyohiyo. Mnara mmoja wa Eastleigh unahudumia watu ambao huku ungehitaji visiwa vitatu kuwapata. Palipo mbali na gridi, mnara hunywa dizeli, na dizeli hiyo hupanda boti. Chumvi hula kila kinachoshika kutu. Fundi wa kwenda Kiunga huangalia bahari wakati wa kusi na kuangalia usalama wakati wote, na kila mtu anajua yaliyoipata minara ya Garissa, Wajir na Mandera mikononi mwa Al-Shabaab. Mfanyabiashara akipiga hesabu hizo na kuamua kuanza Nairobi, simlaumu. Ndivyo biashara ilivyo.

Nailaumu serikali, kwa sababu serikali ndiyo iliyobadilisha maana ya mtandao. Zamani data ilikuwa anasa. Mwenye nayo akaangalia mpira, asiye nayo akasikiliza redio. Juni 2023 Rais Ruto alizindua huduma zaidi ya 5,000 za serikali kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Oktoba 2024 bima ya afya ikahamia SHA, mamlaka mpya ya afya ya jamii, na usajili wake ni wa mtandaoni. Cheti cha kuzaliwa, pasipoti, mkopo wa chuo, nafasi ya chuo, yote ni huko. Mimi naunga mkono hatua hiyo. Nimeona watu wakilala Mombasa siku nne kwa sababu ya muhuri mmoja. Lakini serikali ikishaihamisha ofisi yake kwenye mtandao, mtandao umekuwa barabara ya kwenda ofisini. Na serikali yetu haijawahi kumwambia mtu kwamba barabara itajengwa pale tu penye magari ya kutosha kuilipia. Gati la Mtangawanda, kisiwani Pate, halikujengwa kwa ajili ya faida.

Fedha za kazi hii zipo kisheria. Iko Hazina ya Huduma kwa Wote, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, ambamo kila mwenye leseni huchangia nusu ya asilimia moja ya mapato yake kabla ya kutoa gharama. Awamu ya kwanza ya ujenzi wa minara ililenga kata ndogo 78 ambazo hazikuwa na huduma, na lengo lilikuwa sauti: mtu apige simu, ipokelewe. Kwa wakati wake lilikuwa lengo zuri. Lakini mnara wa kupigia simu unaridhika na njia nyembamba ya nyuma, kwa sababu sauti ya mtu ni nyepesi. Ukija kuubebesha data ya kijiji kizima, njia ileile haitoshi. Nahofia kwamba hazina itaendelea kuhesabu minara, wakati hesabu inayotakiwa sasa ni ya upana wa njia inayotoka kwenye kila mnara.

Na hesabu ya asilimia nayo inadanganya bila kukusudia. Kampuni inaposema mtandao wake umewafikia asilimia tisini na kitu ya Wakenya, inahesabu watu, si ardhi wala bahari. Zile asilimia chache zilizobaki zina majina. Ni Basuba, ni Mangai, ni Milimani, vijiji vya Waaweer kandokando ya msitu wa Boni, ambako watu wamekaa miaka mingi katikati ya operesheni za usalama na ambako simu ya kumwita tabibu ni suala la uhai. Na ndani ya zile asilimia tisini na kitu zenyewe wamo watu wa Tchundwa, waliohesabiwa kuwa wamefikiwa, na ambao hulazimika kupanda boti ili kujaza fomu.

Wapo watakaoniambia niache kulia, setilaiti zimefika. Ni kweli, Starlink iliingia Kenya Julai 2023, na setilaiti zake huzunguka kiasi cha kilomita 550 tu juu yetu, kwa hivyo hazina kule kuchelewa kwa setilaiti za zamani. Nimeona sahani hizo kwenye mapaa ya hoteli na nyumba za wageni, na zinafanya kazi. Pwani yetu hii si ngeni kwa mambo ya anga: kutoka Ngomeni, karibu na Malindi, mwaka 1970 ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kabisa duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miale ya eksrei ya angani. Lakini sahani ya nyumbani inataka mtaji, malipo ya kila mwezi na umeme usiokatika. Mvuvi hununua bando dogo, la saa moja, akiwa ngalawani. Kinachomfaa ni mnara. Setilaiti ninaikaribisha mahali pengine: iwe ndiyo njia ya nyuma ya minara ya Kiunga na Basuba, kule ambako faiba itachelewa. Hapo mtu mwenye kabambe, simu ya vitufe, na mtu mwenye simu janja wote wananufaika, na hakuna anayenunua sahani.

Nimemtaja mvuvi, na sitaki apite kama mfano tu. Kizingitini ni mji wa kambakoche. Kamba anauzwa hai. Akifa bei yake inaanguka. Mvuvi aliyepata kumi alfajiri ana saa chache za kujua nani ananunua leo, Kizingitini kwenyewe, Amu au Malindi, na kwa bei gani kwa kilo. Mnunuzi anataka picha, anataka video fupi kuona kama kamba wanacheza. Ujumbe ukikwama, mvuvi humuuzia aliyesimama mbele yake kwa bei ya aliyesimama mbele yake. Hakuna anayeandika hasara hiyo mahali popote. Haimo kwenye ripoti ya kampuni wala ya Mamlaka, lakini hurudi kila siku ya uvuvi na huingia mfukoni mwa mtu mwingine.

Ninachokitaka si kigumu kukielewa. Zabuni zijazo za Hazina zisikubali mnara usiotaja uwezo wa njia yake ya nyuma, na malipo yafuate uwezo huo. Faiba ivushwe hadi Pate. Mpango wa LAPSSET, ule wa bandari ya Lamu na njia za kwenda Sudan Kusini na Ethiopia, una mkongo ndani yake, na gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021. Isiwe nyaya zitaelekea Isiolo na kuacha kisiwa kinachoonekana kwa macho. Mnara uliojengwa kwa fedha za Hazina uhudumie laini za makampuni yote, kwa maana kijiji cha nyumba mia mbili hakiwezi kuilipia minara mitatu. Na vipimo vya ubora vitangazwe kwa wadi. Lamu ina wadi 10. Ukichanganya Mkomani, iliyo mjini Amu, na Basuba ukatoa wastani, umepata tarakimu isiyomhusu mtu yeyote.

Hili la vipimo ndilo ningelianza nalo kama ningepewa moja tu, kwa sababu halihitaji mnara wala mkongo. Linahitaji mtu na simu. Asipime Amu saa tano asubuhi, hatua mia mbili kutoka kwenye antena. Apande boti. Akae bandarini Kizingitini saa mbili usiku, watu wametoka kuswali isha na kila mmoja yuko mtandaoni, siku ya bamvua, maji yakikupwa, na mkononi awe na simu ya bei ya chini kama zile wanazotumia watu wa hapo. Kisha aingie ndani ya nyumba ya mawe Siyu, afunge mlango, apime tena. Aandike alichokiona, kwa tarehe na saa, na jina la kampuni. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, kwa hivyo siku ya kuanza haiko mbali.